Damu ya mtoto, ya mtu mzima, au mbu: tusimamishe lini dawa za matende Mombasa?

Dawa za matende hazisimamishwi kwa sababu watu wamechoka kuzimeza, wala kwa sababu mtaani hakuonekani mguu mpya uliovimba. Matende na mabusha huja baada ya miaka ya maambukizi. Aliyevimba leo huenda aliambukizwa zamani na minyoo wake wameshakufa, na anayewapa mbu vijinyoo leo huenda ni kijana mwenye afya tele anayecheza mpira kila jioni. Kwa hiyo macho hayatoshi. Lazima kitu kipimwe, na hapo ndipo mabishano yanapoanza: apimwe nani, kwa kipimo gani, saa ngapi, na jibu lichukuliwe vipi.

Njia zinazotumika ni chache na kila moja ina watetezi wake. Nimezipanga hapa moja mbele ya nyingine nikiifikiria Mombasa, kaunti iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 1.2 katika sensa ya 2019, yenye wapangaji wanaohamahama, vyoo vya shimo vilivyobanana na mbu wa mwaka mzima. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njiani: katika mji kama huu, damu ya watoto wa shule peke yake haitoshi kufunga zoezi la kugawa dawa.

Dawa zenyewe zinafanya nini? Mnyoo wa matende, Wuchereria bancrofti, hukaa kwenye mishipa ya limfu na huweza kuishi miaka minne, sita, hata zaidi. Jike huzaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho, navyo huingia kwenye damu vikisubiri mbu. Vidonge hufyeka hivyo vya damuni vizuri sana, lakini minyoo wakubwa wengi husalia hai na baada ya muda jike huanza kuzaa tena. Ndiyo sababu dawa humezwa kila mwaka: tunauziba mlango wa mbu mpaka minyoo wazee wafe kwa umri wao. Kenya haina usubi, ugonjwa mwingine wa minyoo unaoharibu ngozi na macho, kwa hiyo huku tunaweza kutumia dawa iitwayo DEC pamoja na albendazoli, tofauti na Tanzania wanaotumia ivermektini na albendazoli kwa sababu DEC ina hatari kwa mwenye usubi. Kwetu zoezi lilianza Kilifi mwaka 2002, likasambaa Pwani, na kuna miaka lililala kabisa. Mwaka 2018 ukaja mchanganyiko wa dawa zote tatu, ukatolewa Jomvu hapa Mombasa na Lamu Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeupendekeza mwaka mmoja kabla, kwa kuwa huwaacha watu bila vijinyoo damuni kwa muda mrefu zaidi kuliko dawa mbili.

Kuhesabu duru

Njia rahisi kuliko zote ni ya kalenda. Kwa dawa mbili, kanuni inadai duru tano kwa uchache, yaani ugawaji wa dawa mara tano, na katika kila duru wawe wamemeza angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo. Hao ni watu wote, wakiwemo wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili ambao hawapewi DEC. Duru iliyoshuka chini ya hapo haihesabiwi.

Uzuri wake ni kwamba haichomi mtu kidole. Ubaya wake uko kwenye neno "wamemeza". Mhudumu wa afya ya jamii anafika Mikindani, mtaa wa Jomvu, saa nne asubuhi na daftari lake. Mke yupo, watoto wamerudi, mume yuko bandarini na atarudi usiku. Vidonge vya mume vinaachwa vimefungwa kwenye karatasi, jina lake linatiwa alama, na mhudumu anasogea nyumba ya pili kwa sababu bado ana nyumba nyingi za kufikia kabla ya jua kuzama. Vidonge vile vikimezwa, vizuri. Vikibaki juu ya kabati, daftari halitajua. Hakuna aliyedanganya hapo, ni mpangilio wa zoezi ndio unaomkosa mtu huyo mwaka baada ya mwaka.

Na hilo la "mwaka baada ya mwaka" ndilo zito kuliko asilimia yenyewe. Chukua mitaa miwili, yote ikiwa imefikisha asilimia 70 kila duru. Katika mtaa wa kwanza wanaokosa hubadilika: huyu mwaka huu alisafiri, yule mwakani alikuwa mgonjwa. Katika mtaa wa pili wanaokosa ni wale wale. Karatasi zitafanana kabisa, ilhali mtaa wa pili una kundi la watu ambao minyoo yao haijawahi kuguswa na dawa. Kuhesabu duru hakuwezi kuutambua mtaa wa pili.

Jirani zetu wa Zanzibar walilipia funzo hili. Visiwa vyote viwili vilimeza dawa kwa duru sita, kuanzia 2001 hadi 2006, na vituo vichache vilivyokuwa vikifuatiliwa vilionyesha vijinyoo vimeshuka mno. Zoezi likasimama. Watoto walipopimwa mwaka 2012, Unguja na Pemba zote zilishindwa kipimo, na dawa zikarudi. Watu wa Zanzibar hawakuwa wazembe, duru sita ni kazi kubwa. Tatizo ni kwamba vituo vichache haviwezi kusema kwa niaba ya kisiwa kizima. Kwangu mimi hesabu ya duru ni sharti la kuruhusiwa kupima, na haipaswi kamwe kuwa ruhusa ya kusimamisha.

Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili

Hii ndiyo njia rasmi iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na hoja yake ni nzuri. Mtoto wa miaka sita au saba amezaliwa na kukua wakati dawa zikitolewa. Akikutwa na minyoo, ameipata karibuni, kumaanisha mbu bado wanaambukiza. Kabla ya kufika kwa watoto, maeneo ya ufuatiliaji lazima yawe yameonyesha wenye vijinyoo ni chini ya asilimia 1 ya watu. Ambako angalau asilimia 75 ya watoto wanasoma, wapimaji huenda shuleni. Penginepo huenda nyumba kwa nyumba.

Kipimo ni kijikaratasi kilichobandikwa kwenye sahani ndogo. Mtoto anachomwa kidole, tone la damu linavutwa kwa mrija mdogo hadi mikrolita 75, linawekwa kwenye ncha ya karatasi na saa inaanza kuhesabu. Jibu linasomwa dakika ya kumi. Ukichelewa, mstari wa uongo unaweza kujitokeza, na darasani penye watoto wanaosukumana foleni kuchelewa ni rahisi mno. Ndiyo maana timu nzuri humpa mtu mmoja kazi ya saa tu. Kinachotafutwa ni antijeni, yaani alama ya minyoo wakubwa kwenye damu, ambayo huwapo mchana na usiku, kwa hiyo masomo hayavurugwi sana.

Kwa maeneo kama yetu, yanayoambukizwa na mbu wa Anopheles na Culex, lengo ni maambukizi yawe chini ya asilimia 2 kwa watoto. Sampuli kwa kawaida ni watoto elfu moja hadi elfu mbili hivi, na kuna idadi maalumu ya wenye antijeni ambayo ikipitwa eneo limeshindwa. Hesabu imepangwa hivi: eneo lenye maambukizi ya asilimia 2 halisi lina nafasi isiyozidi 1 kati ya 20 ya kupita kwa bahati. Likipita, dawa husimama na kipimo kurudiwa mara mbili zaidi, kila baada ya miaka miwili au mitatu. Likishindwa, duru mbili nyingine za dawa ndipo lipimwe tena.

Kwa nini basi nasita? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa eneo. Kanuni ya 2011 iliruhusu eneo moja la tathmini kuwa na watu hadi milioni mbili. Mombasa yote, kuanzia Likoni hadi Kisauni, ingeweza kuingizwa kwenye kapu moja na nafasi ikabaki. Ukichanganya Nyali na Jomvu halafu ukatoa wastani, unapata jibu la mahali ambapo hakuna mtu anayeishi.

Sababu ya pili ni mtoto mwenyewe. Mnyoo huyu si kama malaria ambapo kuumwa mara moja kunaweza kukulaza kitandani. Mtu huumwa na mbu wenye vijinyoo mara nyingi sana kabla minyoo dume na jike hawajakutana mwilini wakazaa. Mtoto wa miaka sita hajaumwa kiasi hicho, hasa akiwa analala chini ya chandarua tangu utotoni. Maambukizi yakianza kurudi polepole, watu wazima ndio watakaoonyesha kwanza, na watoto watafuata baada ya miaka.

American Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, waliyaona haya. Walipita kipimo cha watoto mwaka 2011, wakapita tena 2015, wakashindwa mwaka 2016. Utafiti wa watu wazima huko ulikuwa umeshaonyesha vijiji vyenye mkusanyiko wa maambukizi wakati matokeo ya shule yakiwa mazuri. Mbu wao ni wa jamii ya Aedes, anayeuma mchana, na kikomo chao ni kikali zaidi, kwa hiyo siwezi kuuhamisha mfano huo mzima mzima hadi Mikindani. Lakini pengo kati ya damu ya mtoto na damu ya baba yake ni lile lile.

Watu wazima, usiku

Njia hii ndiyo iliyowekwa kwa maeneo yaliyotumia dawa tatu. Baada ya duru mbili zilizofanyika vizuri, hupimwa watu wa miaka 20 na kuendelea, na kikomo ni vijinyoo chini ya asilimia 1. Kipimo cha antijeni peke yake hakifai sana hapa, kwa sababu antijeni hubaki kwa mtu mzima miaka mingi hata kama hana tena cha kumpa mbu. Damu yenyewe lazima itazamwe kwa darubini. Na damu yenyewe lazima itolewe usiku, kati ya saa nne na saa nane, kwa kuwa ndipo vijinyoo vya huku hujaa kwenye mishipa ya nje, mbu wao wanapokuwa kazini. Mchana hujificha kwenye mapafu, na ukipima saa hizo utaliita eneo safi bure.

Kuna njia ya kupunguza mzigo: wote wapimwe kwa kijikaratasi kwanza, halafu usiku wafuatwe wale tu waliokutwa na antijeni. Nyumba za kubishiwa hodi usiku zinapungua sana.

Hata hivyo ugumu wake kwa Mombasa ni wa kweli. Kuzunguka vichochoroni saa sita za usiku na visindano na slaidi kunahitaji usalama, na kunahitaji lugha. Pwani hii imelelewa na hadithi za mumiani, wanaonyonya watu damu na kuiuza. Kundi la watu wasiojulikana wakiomba damu usiku wa manane litaamsha hadithi hiyo papo hapo, na anayeicheka hajafanya kazi hii. Mzee wa mtaa ajue wiki mbili kabla. Imamu aseme baada ya sala ya Ijumaa, mchungaji aseme Jumapili. Mhudumu wa mtaa huo huo ndiye abishe hodi, na mpimaji asimame nyuma yake. Mwenye nyumba aonyeshwe slaidi, aambiwe inapelekwa wapi na jibu atalipata siku gani, na jibu lirudi kweli.

Ninalo pendekezo ambalo sioni likitumiwa ipasavyo. Ramadhani ni mwezi mbaya wa kugawa vidonge mchana, lakini ni mwezi mzuri kuliko yote wa kutoa damu usiku katika mitaa yenye Waislamu wengi. Baada ya tarawehe watu wako barazani, maduka yako wazi, wanaume tunaowakosa mwaka mzima wamekaa wanakunywa kahawa, na wengi hawalali mpaka daku. Saa nne hadi saa nane za usiku inaangukia humo humo. Meza moja karibu na baraza, pamoja na mhudumu anayefahamika, itawapata watu ambao nyumba kwa nyumba ya mchana haitawapata kamwe.

Na hao ndio tunaowatafuta. Kipimo cha usiku kikiambatana na swali moja tu, "umewahi kumeza dawa hizi hata mara moja?", kinatupa kitu ambacho shule haiwezi kutupa: kujua kama wasiomeza kabisa ndio wanaobeba vijinyoo.

Mbu

Njia ya nne haimchomi mtu. Unatega mbu jike waliokwisha kunyonya damu na wanaotafuta maji ya kutagia, unawasaga kwa makundi na kutafuta chembe za urithi za mnyoo. Kwa Mombasa inavutia, maana Culex wetu hutaga kwenye maji machafu, na ya mashimo ya choo na mitaro tunayo tele. Sri Lanka walikoma kutoa dawa mwaka 2006, na wilaya ya Galle ilikuwa imepita vipimo vya watoto, lakini mbu waliendelea kuonyesha chembe za mnyoo. Nchi hiyo ilithibitishwa mwaka 2016 kuwa imeutokomeza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii, nao wakaendelea kuiangalia Galle kwa jicho la pekee.

Kasoro ni kwamba mbu mwenye chembe hizo amethibitisha jambo moja: amemuuma mtu mwenye vijinyoo. Haina maana ameishi siku kumi na zaidi zinazohitajika vijinyoo vikomae ndani yake. Tena maabara ya kazi hiyo ni ghali. Mimi ningetumia mbu kama king'ora baada ya dawa kusimama, kabla ya hapo hapana.

Nikiwa bado kwa mbu, kuna jambo la Makunduchi, Unguja, ambalo mji wowote wenye vyoo vya shimo unapaswa kulijua. Miaka ya 1980 vyoo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki ya polistarini zinazoelea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa, huku watu wakipewa DEC. Maambukizi yalishuka na yakaendelea kushuka baada ya dawa kukoma. Penye dawa peke yake hali haikubaki hivyo. Kaunti inayofikiria kusimamisha vidonge ingeanza na vyoo.

Kosa la upande gani ni ghali zaidi?

Kila njia inaweza kukosea, kwa hiyo chaguo ni pia la kuamua kosa lipi unaweza kulibeba. Ukichelewa kusimamisha, unapoteza siku za wahudumu, mafuta ya magari na uvumilivu wa watu wanaopata homa na kichwa kuuma baada ya kumeza. Vidonge vyenyewe hutolewa msaada na watengenezaji: GSK kwa albendazoli, Merck kwa ivermektini, Eisai kwa DEC. Na duru ya ziada haiendi bure kabisa, kwani albendazoli huondoa minyoo ya tumbo na ivermektini huponya upele.

Ukiwahi kusimamisha, hasara huja kimya. Miaka mitano hakuna kinachoonekana, halafu inabidi urudi kwa watu wale wale uliowaambia yamekwisha. Mara ya pili wengi hawatafungua mlango. Ndiyo maana kati ya makosa haya mawili mimi nachagua kuchelewa duru moja au mbili. Lakini siungi mkono kumeza bila mwisho. Vikomo vipo kwa sababu maambukizi yakishuka kiasi hicho, minyoo hukosa wenza na huisha wenyewe. Watoto wakipita, na watu wazima wa mitaa mibaya zaidi wakiwa chini ya asilimia 1 usiku, dawa isimame bila woga.

Kwa Mombasa ningechagua hivi. Jomvu ihukumiwe peke yake kwa damu ya watu wazima usiku, kwa sababu ilipata dawa tatu na kwa sababu huko ndiko ugonjwa ulikong'ang'ania. Kaunti ndogo nyingine zipimwe kupitia watoto, zikigawanywa: Likoni, yenye watu wanaovuka kila siku kutoka Kwale, isiwekwe kapu moja na Nyali. Fedha zikitosha kuongeza kitu kimoja tu, ziende kwa watu wazima wa mitaa yenye vyoo vya shimo vyenye maji na wapangaji wengi, hata kama shule zake zimepita. Wenye matende na mabusha wasihesabiwe kwenye uamuzi wa vidonge, lakini wahesabiwe kwenye bajeti: sabuni, maji na mafunzo ya kuosha mguu kila siku, na upasuaji wa busha, haviwezi kukoma siku vidonge vinapokoma.

Na kama unakaa kwenye kamati ya afya ya wadi na umeletewa karatasi inayosema tuko tayari kusimamisha, muulize aliyeileta maswali mawili kabla hujatia sahihi. Wangapi katika wadi hii hawajawahi kumeza hata mara moja? Na wangapi kati ya hao wamepimwa damu usiku? Kama jibu la pili ni hakuna, panga duru nyingine na upange pia usiku wa kuwapima.